Posho ya Fisi

Baba yangu hamwamini mtu anayemsifu. Ukimwambia shati limempendeza, atakwenda kwenye kioo kutafuta doa. Jirani akituletea papai bila sababu, Baba atalizungusha mezani mara tatu kabla ya kuruhusu likatwe. Kwa hiyo siku mwalimu mkuu wa shule ya muziki alipomsimamisha mlangoni akamwambia, "Fundi, ile piano ya ukumbini siku hizi imetulia kweli, hasa sauti za juu," Baba alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyetukanwa hadharani.

"Amenisifu," alituambia tukiwa mezani.

"Sasa si jambo zuri?" Mama akauliza.

"Mwezi uliopita alinilalamikia. Leo ananisifu. Mimi sijabadilisha kitu. Hapo katikati kuna nini?"

Mama akamwongezea mboga. Kosa langu mimi lilikuwa kuinua macho, maana niliyakuta ya Baba yananingoja. "Jumamosi una kazi?" akaniuliza. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa upelelezi, mwanamke mzima mwenye kazi yake katika kliniki ya meno, asiye na sikio la muziki hata la dawa.

Baba ni fundi wa kupanga sauti za piano. Piano moja ina nyuzi zaidi ya mia mbili, na kila uzi umezungushwa kwenye msumari wake. Yeye huikaza na kuilegeza misumari hiyo kwa ufunguo wa chuma mpaka sauti zipatane. Neno "zipatane" ni langu. Mwenyewe husema sauti hazijawahi kupatana tangu dunia iumbwe, zinavumiliana tu, na kazi yake ni kusimamia uvumilivu huo.

Nilipokuwa mdogo alinionyesha anachomaanisha. Unaanza na do ya chini kabisa. Kutoka hapo unapanda hatua iitwayo tano, yaani do hadi so, na unaipanga safi mpaka sauti mbili zinatulia bila kuyumba hata kidogo. Ukishatulia hapo unapanda tano nyingine safi, na nyingine, mara kumi na mbili. Kwa akili ya kawaida unapaswa kufika kwenye do ileile, juu kabisa. Unafika kweli, lakini umepitiliza. Umepitiliza kidogo mno, kama robo ya mwendo kati ya kitufe kimoja cha piano na kinachokifuata. Hakuna hatua uliyokosea, na bado kuna kitu kimezidi.

Babu, mzazi wa Mama, ndiye aliyemfundisha Baba kazi hii, na kitu hicho kilichozidi alikiita chembe. Wanafunzi wengine wakionyeshwa chembe hushangaa, au husema hawaisikii. Baba, kijana wa miaka ishirini wakati huo, alikunja uso akauliza, "Nani ameiongeza?"

"Hajaiongeza mtu," Babu akamwambia. "Ipo tu. Sisi kazi yetu ni kuificha."

"Kumbe sisi ni wahalifu."

Babu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akamwita Mpelelezi. Jina likamganda. Hata mwaliko wa harusi yake na Mama uliandikwa hivyo kwenye mabano.

Sasa, kuna njia nyingi za kuificha chembe. Mafundi wa zamani waliisukumia yote mahali pamoja, kati ya vitufe viwili vyeusi ambavyo wapigaji hawakuvitumia sana. Kwingine kote piano ililia vizuri, lakini ole wake atakayevigusa hivyo viwili pamoja, kwa sababu vililia vibaya mno, na Babu alipaita pale kwa fisi. Mafundi wa leo wanaigawa chembe mafungu kumi na mawili sawasawa. Kila hatua inakatwa kidogo, na hakuna anayegundua kuwa amekatwa. Babu naye aligawa sawasawa, ila sio kabisa. Kwenye vile vitufe viwili vyeusi aliacha kafungu kakubwa kidogo kuliko kwingine, kadogo kiasi kwamba ni fundi tu angekasikia. Alikaita posho ya fisi. Alisema fisi hajahama, na ukimnyima kabisa atakuja kula pengine.

Babu alifundisha watu wawili. Mmoja ni Baba. Wa pili ni yule ambaye sisi tunamwita Mashine, kwa sababu siku hizi anapanga piano akitazama kifaa chenye taa badala ya kusikiliza. Mashine hajui habari za fisi tena, taa zake zinagawa sawa. Baba naye aliiacha posho wiki moja baada ya kumzika Babu. Alisema hawezi kumlisha mnyama asiyemwona.

Hao wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kilichowagombanisha ni ufunguo wa Babu, ule wenye mpini wa mti mweusi uliolainika kwa jasho la miaka. Baada ya msiba Baba aliutafuta kila mahali asiuone. Akapiga hesabu zake, akaona walioingia kwenye karakana ya Babu siku ya mazishi ni yeye na Mashine tu. Miaka kumi na moja hawakusalimiana.

Mwaka ninaousimulia Baba alikuwa amezidi. Aliamua birika letu la filimbi ni bovu, maana lilichemka mpaka likakauka bila kupiga filimbi, naye yuko hapohapo jikoni anasoma gazeti. Akalirudisha dukani. Akapewa jingine, nalo likaungua. Akalirudisha pia, akaambiana maneno na muuza duka mbele ya wateja. Aliamua vilevile kwamba paka wa jirani amewamaliza ndege wa mtaa wetu. Kengele ya mlango, alisema, niliinunua kwa tapeli. Nasimulia haya kwa aibu, kwa kuwa nilikuwa naishi mle ndani na niliyasikia yote, lakini sikuyaunganisha. Nilidhani ni Baba tu.

Shuleni ndiko kulikokuwa na jambo lenyewe. Ile shule ina piano tisa, na hiyo ndiyo kazi yake hasa. Nyumba za watu wenye piano zilikwisha siku nyingi, wengine wameziuza, wengine wanaziwekea vyungu vya maua. Mwezi mmoja kabla mwalimu mkuu hajamsifu, alikuwa amemwita ofisini akamwambia kwa heshima zote kwamba piano ya ukumbi, ile kubwa ya mitihani, sauti zake za juu zina uchachu. Wasahihishaji wa nje wangekuja mwisho wa muhula. Kama hadi hapo uchachu haujaisha, shule ingemwita Mashine, na sio kwa piano moja, kwa zote tisa. Baba alirudi akasema ni nyuzi, nyuzi za siku hizi zimechanganywa na bati. Mama alikuwa anakunja nguo. Aliuliza tu, "Zipi hasa, baba watoto? Za juu kabisa?" Akajibiwa ndiyo, akaendelea kukunja.

Ndipo ikaja ile sifa. Siku iliyofuata Baba aliifungua piano ya ukumbi kama mtu anayekagua maiti. Jioni alinipa taarifa uani, kwa sauti ya chini, Mama asisikie.

"Kuna mtu anaigusa."

"Umejuaje?"

"Misumari. Kila nikimaliza nachora alama ya penseli, nyembamba, huwezi kuiona kama hujui." Hilo lenyewe lilinichekesha, kwamba miaka yote hii anachora alama za kumnasa mtu ambaye hayupo. "Misumari ya juu yote imesogezwa. Na sio hiyo tu. Pale katikati, kwenye vitufe vyeusi viwili, nimekuta posho."

"Posho gani?"

"Ya fisi, mwanangu! Posho ya fisi ya babu yako! Wanaoijua duniani ni wawili. Mmoja ni mimi, na mimi siitoi."

Alinitazama kwa ushindi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mashine anaingia kwa siri, anaipanga upya piano, halafu siku ya wasahihishaji atajitokeza aseme kazi nzuri yote ilikuwa yake. Nikamuuliza mbona basi anaitengeneza badala ya kuiharibu. Baba akasema huo ndio ujanja wenyewe.

Kesho yake tulianza na dada anayesafisha ukumbi, ambaye ndiye hukaa na funguo za milango. Baba alimhoji kama askari.

"Kuna mwanaume ameingia humu ndani mimi nisipokuwepo?"

"Hapana, fundi."

"Mwanaume yeyote. Mrefu, ana mkoba wa kifaa."

"Wallahi, mwanaume hajaingia."

"Una hakika?"

"Mwanaume? Hakika kabisa." Akarudi kwenye ndoo yake haraka kidogo kuliko ilivyohitajika. Mimi niliona. Baba hakuona, alikuwa ameshaamua kwamba dada huyo amehongwa.

Kisha tukaenda kwa Mashine. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, safi mpaka unaogopa kukanyaga. Alipotuona mlangoni aliweka bisibisi chini taratibu, akafuta mikono.

"Bado unautafuta ufunguo?" akauliza. Miaka kumi na moja, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza.

"Nimekuja kwa ajili ya posho ya fisi," Baba akasema, akamwaga mashtaka yote kwa mpigo.

Mashine alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na nadhani hilo ndilo lililomkera Baba zaidi. Alikichukua kifaa chake mezani akakiwasha, taa zikapepesa. "Hiki hakina fisi, Mpelelezi. Hata nikitaka siwezi. Sikio langu la kugawa kwa mkono nilishalizika na Mzee. Mimi sijaisikia posho tangu alipokufa."

"Mwongo. Mzee alifundisha watu wawili."

"Wawili uliowaona wewe," Mashine akasema. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu kwa namna iliyonikosesha raha, akaokota bisibisi yake.

Njia nzima Baba alirudia maneno hayo akiyageuzageuza. Alifikiri Mzee huenda alikuwa na mwanafunzi wa siri, pengine mtoto wa nje. Akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Nilimwambia aache kumtukana marehemu.

Jumamosi ilikuwa siku mbili kabla ya wasahihishaji, na Baba alikuwa na hakika Mashine hatakosa kuja kumalizia. Mchana Mama alituaga kwamba anakwenda kwenye kikao cha kina mama, kile kikao chake cha kila Jumamosi. Baba alingoja dakika kumi, akavaa viatu vyake vya raba ambavyo havina mlio, tukaondoka. Mwalimu mkuu alikuwa ametuachia chumba kidogo kando ya jukwaa, kinakowekwa stendi za karatasi za muziki. Tulijibanza humo, mlango ukiwa wazi upana wa mkono. Mimi nilikalia stendi iliyolala na nikaumia. Jua la saa tisa lilikuwa limejaa ukumbini, na ile piano kubwa imesimama katikati yake, kifuniko kimefungwa.

Tulisikia ufunguo mlangoni. Dada wa usafi akachungulia, akamruhusu mtu apite, akafunga kwa nje.

Niliutambua mkoba kwanza. Niliununua mimi, mkoba wa kahawia wenye mkono ulioshonwa upya. Kisha nikaitambua kanga ya juu, na ule mwendo wa kuvuta mguu wa kushoto kidogo. Sikuthubutu kumtazama Baba. Nilihisi tu pumzi yake imesimama.

Mama aliufungua mfuniko kama anayefungua sufuria yake mwenyewe. Akakaa. Akatoa kwenye mkoba kitambaa cha jikoni kilichofungwa, akakifungua pajani. Ndani mlikuwa na ufunguo wa mpini mweusi.

Baba alitoa sauti ndogo ya kooni. Miaka kumi na moja ufunguo ule ulikuwa umekaa kwenye droo ya vitambaa vya kukaushia vyombo, droo ambayo hakuna mwanaume wa nyumba yetu aliyewahi kuifungua.

Mama akaanza. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa kulia, kwenye vitufe vya juu kabisa. Akaupachika ufunguo kwenye msumari kwa mkono mmoja, akagonga kitufe kwa mwingine, akainamisha kichwa. Ting. Akasukuma kidogo. Ting. Hata mimi, nisiye na sikio, nilisikia kitu kinajiweka sawa.

Baba aliniinamia. "Mbona anabonyeza tu?" akanong'ona. "Anajua tupo? Anatuigizia?"

"Anapiga, Baba."

"Anapiga nini? Nasikia mbao zinagongana tu. Nyuzi hazilii."

Nikageuka nikamtazama. Uso wake ulikuwa na ile mikunjo yake yote ya siku zote, ya mtu anayetafuta nani anamdanganya. Nikajikuta nimeshika mkono wake.

"Zinalia, Baba," nikasema. "Zinalia vizuri."

Mama akapiga tena, na tena. Baba akauchukua mkono wangu akauweka begani kwake. "Nigonge kila inapolia," akasema.

Nikamgonga. Mama akipiga, mimi nagonga. Alikuwa anavitazama vidole vya Mama bila kupepesa, akivilinganisha na kidole changu, kama kwamba mimi nami huenda nashirikiana na Mama. Ting, nikagonga. Ting, nikagonga. Sikukosa hata mara moja. Tulikwenda hivyo vitufe vyote vya juu, na mahali fulani katikati ya kazi hiyo mikunjo ikaachia, mmoja mmoja, nikaona uso wa Baba ambao sikuwahi kuuona, hauna mtu wa kumshuku. Nililia. Sijui kama alinisikia.

Kisha akausukuma mlango akatoka.

Mama hakushtuka. Aliondoa mkono kwenye kitufe, lakini ufunguo aliubakiza palepale kwenye msumari.

"Umekuja kunikamata?" akauliza.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu birika la kwanza."

"Mabirika mawili nimeyarudisha!"

"Na mimi sipiti tena mbele ya lile duka, naona haya."

Baba akasimama kando ya piano, mikono haijui pa kukaa. "Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungesema nani kanituma." Akafuta vumbi kwenye kitufe kimoja. "Uliposema wanataka kukutoa, nikasema nitasahihisha huku juu tu. Huku tu. Kwingine kazi yako ni safi, sina la kusema."

"Na posho?"

Mama aliinamisha macho, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama aliyefumaniwa kweli. "Hiyo ni ya baba yangu. Nilipokaa hapa mkono ulikwenda wenyewe."

"Mzee alifundisha wawili."

"Alifundisha wawili. Mimi hakunifundisha. Mimi nilikuwa nakaa chini ya piano zake kabla wewe hujajua piano ina miguu mingapi." Akaukunja upya kile kitambaa bila sababu. "Nilimwomba. Akasema mkono wa msichana hauwezi msumari. Alipokufa nikauchukua ufunguo. Sikuwa nautumia. Nilikuwa naushika tu, siku moja moja."

"Na mimi nimemnunia ndugu yangu miaka kumi na moja."

"Hilo ni kosa langu," Mama akasema. "Kila mwaka nilisema nitakwambia."

Nilidhani Baba angeondoka. Badala yake alikaa kwenye benchi kando yake, akaanzia katikati ya piano, akapanda kitufe kimoja kimoja kwenda kulia, sikio limeinamia mbao. Alikwenda taratibu sana. Alipofika mahali akapiga kitufe kimoja mara mbili, akarudi kimoja nyuma, akapiga tena. Akatoa penseli mfukoni akachora mstari mdogo juu ya ubao, mwembamba, usioonekana kama hujui.

"Kuanzia hapa kwenda huko ni kwako," akamwambia Mama.

Kisha akarudi katikati, akabonyeza vile vitufe viwili vyeusi kwa pamoja. Akavisikiliza mpaka sauti ikafa yenyewe. Nilidhani ataomba ufunguo airekebishe.

"Mwache ale," akasema.

Wasahihishaji walikuja, wakasikiliza, wakaondoka, na mwalimu mkuu akamsifu tena. Safari hii Baba alimwambia, "Sio mimi peke yangu," na mwalimu mkuu akadhani ni unyenyekevu. Siku hizi shuleni wanakwenda wawili, na yeye ndiye anayebeba mkoba. Kwa Mashine alikwenda mwenyewe, peke yake, akakaa mpaka magharibi. Sijaambiwa walisemezana nini.

Msidhani ameponywa. Juzi tu alilizungusha papai. Lakini jioni, tukiwa jikoni, Mama huweka birika motoni kisha anakaa kwenye kiti kilicho karibu na cha Baba. Yeye anasoma gazeti lake. Filimbi ikianza, Mama anamgonga begani mara moja.

Baba anashusha gazeti, analitazama birika, kisha anamtazama Mama.

"Una hakika?" anauliza, na anainuka kwenda kulizima.